Paneli ya wateja pembeni ya barua pepe: karani mzuri, ila usimwachie funguo

Kabla sijahamishiwa kitengo cha huduma baada ya mauzo, nilikaa masijala miaka 6. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna programu "inayounganisha barua pepe na kumbukumbu za wateja", mimi sioni maajabu hapo. Naiona kazi yangu ya zamani. Barua imeingia, igonge muhuri wa tarehe, isome, jiulize inahusu nini, itafutie jalada lake, ipe namba ya folio, itoboe, ifunge, mpelekee anayehusika. Barua ikifungwa kwenye jalada lisilo lake imepotea, hata kama imo kabatini na funguo za kabati unazo mfukoni.

Basi nimeipima programu hii kwa kipimo cha masijala. Nimeitumia miezi 11. Ofisi yetu inauza na kutengeneza printa na mashine za fotokopi, na mimi ndiye ninayepokea barua za "imekwama", "haitoi rangi", "inanguruma kama inasaga kokoto". Siku ya kawaida barua ni 80 hivi, Jumatatu zinapita 100.

Jina la bidhaa sitalitaja. Mkataba bado unaendelea, na humu chini kuna mambo ambayo wenyewe wakiyasoma hawatayafurahia. Namna inavyofanya kazi, lakini, haitofautiani sana na zile kubwa zinazojulikana. Dynamics 365 ya Microsoft ina ukanda wake ndani ya Outlook. Salesforce nayo inao, wa Outlook na wa Gmail. HubSpot vilevile. Aliyewahi kutumia mojawapo atanielewa bila shida.

Iko hivi. Ukifungua barua, upande wa kulia wa dirisha panatokea ukanda mwembamba, sisi tunauita paneli. Paneli inaisoma anwani ya aliyekuandikia, inakimbia kwenye mfumo wa wateja kuuliza kama anwani ile inajulikana, na ikiipata inakuletea jalada zima: jina, ofisi anayotoka, simu, mashine walizonunua, mikataba ya matengenezo, kesi zilizo wazi na zilizofungwa, na maandishi ya wenzako waliowahi kumhudumia. Chini kabisa kuna kitufe. Chetu kimeandikwa "Unganisha". Ukikibonyeza, barua uliyoifungua inanakiliwa kwenye jalada utakalolichagua, na kuanzia hapo yeyote mwenye ruhusa ya kuliona jalada anaiona barua, hata kama haikuwahi kufika kwenye kikasha chake.

Nikueleze asubuhi moja tu, ujue kwa nini bado ninayo.

Saa mbili na nusu, barua kutoka kwa katibu muhtasi wa mteja wetu mmoja. Nzima ilikuwa hivi: "Habari za asubuhi. Ile mashine imeanza tena. Naomba msaada." Basi. Hakuna namba ya mashine, hakuna tatizo, hakuna hata "sisi ni nani". Sahihi ya chini ni jina lake la kwanza na picha ya ua.

Zamani barua ya aina hii ilikuwa inanila saa nzima. Natafuta kwenye kikasha changu, sioni, kwa sababu mara ya mwisho alimwandikia mwenzangu. Nampigia mwenzangu, yuko njiani. Nampigia fundi, anasema "yule mama wa ghorofani? Au yule wa chini?" Mwisho nampigia mteja mwenyewe na kumuuliza maswali ambayo alishayajibu mara mbili, na unamsikia kabisa anavyovuta pumzi upande wa pili.

Safari hii paneli ilifunguka na mashine 3 zilizosajiliwa kwa ofisi yao. Mbili hazikuwa na historia yoyote. Ya tatu ilikuwa na kesi iliyofungwa wiki 5 nyuma: karatasi zinakwama kwenye trei ya pili. Nikaifungua. Ndani, chini ya barua za kubembelezana, palikuwa na mstari mmoja wa fundi: "Rola moja nimebadilisha. Nyingine stoo hakuna, ibadilishwe ikifika." Rola ilifika. Hakuna aliyeibadilisha. Kesi ilifungwa kwa sababu mashine ilikuwa inatembea siku ile.

Nikamjibu: "Pole sana dada. Ni ile ya trei ya pili, karatasi zinakwama? Kuna rola ilibaki, kosa ni letu. Fundi atafika kesho saa nne na rola mkononi." Haikuchukua dakika 4 tangu barua iingie. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: "Jamani, umejuaje?"

Mimi sikujua. Jalada lilijua. Na jalada lilijua kwa sababu moja tu: wiki 5 kabla, mtu alibonyeza "Unganisha" na akaiweka barua ya fundi kwenye kesi yenyewe badala ya kuitupa tu kwa mteja.

Hapo ndipo penye siri yote, na ni kitu ambacho aliyetufundisha hakukigusa hata kwa sentensi moja. Paneli inakupa kuunganisha barua na mtu, na ofisi yake, au na kesi. Usipochagua, inachagua mtu. Inaonekana sawa, maana barua si imetoka kwa mtu? Lakini mteja mkubwa kama yule ana barua mia nne na ushee. Ukizifunga zote kwenye jina lake umepata gunia. Oda ya wino, malalamiko ya karatasi, ankara iliyochelewa, salamu za heri, mabishano ya mkataba, vyote vimelala pamoja kwa tarehe. Ni kama masijala yenye jalada moja limeandikwa "Mheshimiwa Fulani". Karani mwenye akili analigawa jalada kwa shauri, halafu ndani ya shauri ndipo anafuata tarehe. Wageni wanaoanza kazi kwetu nawaambia: kesi kwanza, oda ya pili, mtu mwishoni kabisa ukikosa pa kuiweka. Dynamics 365 angalau inakuuliza swali la kikarani, barua hii inahusu nini, na mimi swali hilo nalipenda kuliko vitu vyote walivyovipamba kwenye matangazo.

Sasa, majibu. Ukishaiunganisha barua ya kwanza, mteja akijibu, programu inajuaje kwamba jibu ni la kesi ileile? Njia ya kwanza ni ya kizamani kabisa: inapachika alama mwishoni mwa mada ya barua, herufi kadhaa na tarakimu. Ya Dynamics, ikiwashwa, huanza na CRM na nukta mbili, zikifuatiwa na tarakimu. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ile ni "Kumb. Na." tu. Miaka yote tulikuwa tunaandika juu ya barua "Tafadhali unapojibu taja", na miaka yote watu walikuwa hawataji. Hawa wa sasa nao hawana tofauti. Mteja mmoja anaifuta kila mara kabla ya kujibu. Nilipomuuliza akasema inamfanya aonekane kama anaandikiwa na mashine.

Njia ya pili haionekani, na ndiyo inayotuokoa. Kila barua pepe hubeba nyuma yake mistari ambayo msomaji wa kawaida haioni. Mmoja unaitwa Message-ID, ni kitambulisho cha barua ile peke yake. Ukijibu, barua yako inabeba mistari mingine, In-Reply-To na References, inayotaja kitambulisho cha barua unayoijibu na za kabla yake. Si ubunifu wa wauzaji hawa hata kidogo. Mistari hiyo imo kwenye kanuni za barua pepe tangu RFC 822 ya mwaka 1982, na RFC 5322 ya mwaka 2008 imeiendeleza. Kwa hiyo hata mteja akifuta alama kwenye mada, akabadilisha mada yenyewe, akaandika kwa herufi kubwa tupu, jibu lake bado linajua baba yake ni nani.

Kwa karani mashine, hilo linatosha. Kwa binadamu halitoshi, na hapa nina neno.

Wateja wengi hawaandiki barua mpya. Wanatafuta barua yoyote ya zamani kutoka kwetu, wanabonyeza "Jibu", wanaandika jambo jipya kabisa. Mada inabaki "Re: Re: Re: Wino mweusi", ndani anauliza juu ya mkataba wa matengenezo wa mwaka ujao. Programu inamtazama mzazi wa barua, haitazami maneno. Inaipeleka kwenye kesi ya wino ya miezi 7 iliyopita, na kwa jinsi tulivyofungiwa, kesi iliyofungwa ikipata barua mpya inafunguka yenyewe. Mkurugenzi wetu alikaa mwezi mzima anaangalia ripoti, akaja kuniuliza kwa upole kabisa: "Mama, mbona hizi kesi za wino zinafufuka?" Ilibidi nimwonyeshe moja moja. Siku hizi barua yoyote yenye "Re" zaidi ya mbili naisoma mwili kabla ya kuiamini mada, nikiona ni jambo jipya naiondoa kwenye kesi ya zamani na kuifungulia yake. Ni mibonyezo 5. Ingekuwa miwili ningempa mtengenezaji nyota nyingine.

Haya, nije kwenye lililonikera hasa.

Siku ya kufungiwa, mtaalamu wao aliwasha kitu kinachoitwa kuunganisha moja kwa moja. Maana yake kila barua inayoingia au kutoka, kama anwani inafahamika kwenye mfumo, inajifunga yenyewe kwenye jalada la mteja bila mtu kubonyeza chochote. Alituambia kwa tabasamu, "hamtabonyeza tena". Tukashukuru. Ikakaa siku 9.

Ndani ya siku hizo 9, mhasibu wa ofisi moja tunayoihudumia alimwandikia mwenzangu wa mauzo. Walikuwa wamezoeana kwa ajili ya ankara. Aliandika kwamba amechoka pale, anasikia kwetu kuna nafasi, na mstari wa mwisho ulikuwa "naomba libaki kati yetu". Anwani yake ilikuwa inafahamika. Barua ikaenda zake, ikajifunga kwenye jalada la mwajiri wake, mahali ambapo sisi sote 14 tunaweza kusoma. Mwenzangu hakujua. Mwandishi hakujua. Baada ya muda fundi wetu, kijana mwenye adabu kuliko wote, akafungua jalada kabla ya kwenda kwa mteja kama tulivyomwelekeza, akasoma barua ya juu kabisa, akaenda. Na pale, mbele ya bosi wa yule dada, akamwambia kwa furaha: "Kumbe unakuja kwetu!"

Sitaeleza yaliyofuata. Niseme tu kwamba nilimpigia simu kumwomba radhi na hakunifokea, na ningependelea angenifokea.

Tulipotaka kuiondoa barua ndipo nikajifunza jambo la pili. Mwenzangu aliifuta kwenye kikasha chake, akapumua. Kwenye jalada ikabaki vilevile. Barua ikishaunganishwa zinakuwa nakala mbili, moja ya kikasha, moja ya mfumo, na kufuta moja hakuigusi nyingine. Hata zile kubwa zinafanya hivyo, na kwa masijala ni sawa kabisa: karani hatoi folio kwa sababu mtu amechana nakala yake mwenyewe. Lakini sisi watumiaji wa kawaida hatukuwa na ruhusa ya kufuta upande wa mfumo. Aliyekuwa nayo ni mtaalamu wao, na alijibu baada ya siku 2. Siku 2 barua ile imekaa wazi na sisi tunaiangalia.

Nilizima kuunganisha moja kwa moja siku hiyohiyo. Halafu nikatafuta kwenye mipangilio hadi nikakuta orodha ya anwani zisizoandikishwa kamwe. Ipo, na HubSpot nao wana yao, lakini yetu imefichwa mahali ambapo huwezi kufika bila kupotea mara mbili. Nimeijaza: anwani zetu wenyewe za ndani, mwanasheria, benki, rasilimali watu, daktari wa bima. Kama unafungiwa kitu cha aina hii leo, orodha hiyo ijazwe kabla ya barua ya kwanza kuingia, na mtaalamu asitoke mlangoni hajakuonyesha ilipo.

Jambo jingine linalotoka humohumo. Yale maandishi tunayoandika kwenye jalada, tunayaandika kama tunanong'onezana. "Huyu mzee msumbufu." "Usimkopeshe." Wateja walioko Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 25 Mei 2018 sheria yao ya GDPR inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni, na maandishi ya pembeni ni taarifa zake pia. Hata pasipo sheria, mimi nimeyapitia ya kwangu na kuyafuta kama manne hivi. Moja nililiandika siku niliyokuwa na njaa.

Kufuatilia nani amefungua barua: achana nako. Kinafanya kazi kwa kuficha kipicha kidogo kisichoonekana ndani ya barua. Kipicha kikipakuliwa, mfumo unasema "imefunguliwa". Tangu iOS 15 ya Septemba 2021, programu ya barua ya Apple, mtu akiwa amekubali ulinzi wa faragha, inavipakua vipicha hivyo yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Kijana wetu mmoja wa mauzo alimpigia mteja akamwambia, "Bosi, naona umeisoma kwotesheni yangu mara saba." Bosi alikuwa hajaifungua hata mara moja. Na kama angekuwa ameifungua, nani anapenda kuambiwa hivyo?

Majalada pacha ni ugonjwa wa kudumu. Paneli ikikutana na anwani isiyoijua inakuletea kitufe kikubwa cha buluu, "Sajili mteja mpya", na kiungo kidogo cha kijivu chini yake, "Tafuta aliyepo". Mkono unaenda kwenye buluu wenyewe. Mteja aliyeandika kutoka anwani ya kazini, kesho akaandika kutoka Gmail yake kwa sababu seva ya ofisi yao imelala, keshokutwa kutoka kwenye anwani ya pamoja ya idara, kwetu alikuwa watu watatu, mmoja ana deni na wawili hawana. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilishinda ofisini Jumamosi nzima nikiyaunganisha majalada. Tangu hapo mtu mpya haruhusiwi kubonyeza buluu kabla hajatafuta kwa namba ya simu. Namba za simu watu hawabadilishi ovyo kama anwani.

Na barua za kupelekewa! Mteja anamwandikia mkurugenzi, mkurugenzi ananipelekea. Paneli inasoma aliyenitumia, ambaye ni mkurugenzi, inaniletea kwa heshima zote jalada la mkurugenzi wetu. Ambalo halina kitu. Inabidi nimtafute mteja kwa mkono. Kuna njia ya kuzunguka: mfumo una anwani yake maalumu, ukiipelekea barua huko inajaribu kuchimba ndani imtoe mwandishi wa mwanzo. Hiyo hiyo ndiyo unaiweka kwenye nakala fiche unapoandika ukiwa kwenye simu, maana kwenye simu yangu paneli inafunguka ikijisikia. Anwani hii naitumia kila siku na haijawahi kuniangusha, labda kwa sababu ni kitu kisicho na pambo lolote: unaandika anwani, unatuma, basi.

Viambatisho. Unapounganisha barua inakuuliza uhifadhi na viambatisho vyake, na jibu la asili ni ndiyo, nani anataka kupoteza ankara? Siku moja nafungua jalada kutafuta hati ya makabidhiano nakutana na mafaili 40 yenye jina moja, image001.png. Ni nembo. Nembo ya sahihi ya mteja, imehifadhiwa upya kila alipojibu "Asante". Hati yenyewe ilikuwa imelala katikati yao. Sasa natoa alama kwenye visanduku vya picha ndogo kimoja kimoja kabla ya kuunganisha. Naona aibu kuieleza kama kazi, lakini ni kazi.

Upande wa kasi sina mengi. Mtandao ukiwa mzuri paneli inafunguka kabla sijamaliza kusoma mstari wa kwanza. Ukiwa mbaya nahesabu hadi 7. Ibandike kwa kile kialama cha pini, la sivyo kila unapohamia barua nyingine inajifunga na unaanza upya. Na waulize wauzaji swali moja la kiufundi kabla hujasaini: programu yao ni ya ile aina ya zamani inayofungwa ndani ya kompyuta, au ni ya mtandao? Outlook mpya ya Windows haikubali ile ya zamani. Sisi kompyuta 5 zilikuwa na ya zamani bila kujua, zikahamishiwa Outlook mpya, paneli ikatoweka asubuhi moja, na mwenzangu akaenda uhasibu kuuliza kama hatujalipa.

Kwa ofisi ya watu wawili wanaokaa meza moja, msijisumbue. Mnaulizana kwa mdomo. Malipo ni kwa kichwa kila mwezi, na jedwali moja lililotunzwa vizuri litawatosha. Ikianza kutokea kwamba barua anapokea mmoja, anajibu mwingine, na anayekwenda kwa mteja ni wa tatu, hapo ndipo inapoanza kulipa.

Nyota 4 kati ya 5 kwa kitufe cha "Unganisha". Kuunganisha moja kwa moja nakipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu kinazimika.

Huduma ya wenyewe waliotuuzia nilikuwa nimeipa 3. Wiki iliyopita niliwaandikia kwamba tunahitaji watumiaji wawili zaidi na nikaulizia lile tatizo la paneli kwenye simu, tatizo ambalo nililiripoti kwao mara mbili, nikapewa namba ya kesi, na namba nikaiacha kwenye mada kama walivyoniagiza. Jibu limekuja leo asubuhi. Linaanza: "Ndugu mteja, tafadhali tutajie jina la kampuni yako na aina ya programu unayotumia."